Kwa nini mpangilio wa majaribio unaamua programu mbovu itakufikia au la

Unafungua simu asubuhi, aplikesheni imejisasisha usiku, na sasa haifunguki. Unaizima, unaiwasha, wapi. Swali la kawaida ni: kwani hawakuijaribu?

Mara nyingi waliijaribu. Tatizo linaweza kuwa kwamba jaribio ambalo lingegundua hitilafu lilikuwa mwisho wa foleni, na hakuna aliyelisubiri.

Foleni yenyewe ikoje?

Kila mtengeneza programu anapobadilisha msimbo, kompyuta huendesha majaribio yenyewe, moja baada ya jingine. Je, mtumiaji anaingia? Salio linaonekana? Malipo yanapita?

Chukua mfano wa majaribio 600, kila moja sekunde 6. Yote yanachukua saa nzima. Kama linalofeli ni la 590, jibu linakuja baada ya dakika 59. Lihamishe liwe la 10, jibu linakuja baada ya dakika moja. Kompyuta ni ileile, majaribio ni yaleyale. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

Na hiyo saa moja ni nafuu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtafiti Gregg Rothermel na wenzake walieleza kuhusu bidhaa ya kampuni moja, yenye takriban mistari 20,000 ya msimbo, ambayo majaribio yake yote yalichukua wiki saba kumalizika.

Kusubiri kuna gharama. Mtu akisubiri sana huanza kazi nyingine, na jibu likija ameshasahau alichobadilisha. Mbaya zaidi, siku ya kutoa toleo jipya ikifika bosi anauliza: "Si yaliyobaki tuyaruke tu?" Hapo ndipo hitilafu inapopata njia ya kufika kwenye simu yako.

Nani atangulie?

Njia zinazotumika zaidi ni tatu, na mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kutanguliza majaribio yanayogusa sehemu iliyobadilishwa. Ya pili ni kutanguliza yaliyofeli karibuni, kwa sababu palipovuja jana huenda pakavuja tena leo. Ya tatu ni kuanza na ya haraka, ya dakika nyingi yafuate.

Kampuni kubwa zina takwimu za kuunga mkono hilo. Mwaka 2017, watafiti wa Google waliripoti kwamba kati ya majaribio milioni 5.5 waliyoyafuatilia, ni takriban 63,000 tu yaliyowahi kufeli katika kipindi hicho. Yaani mengi yanapita siku zote. Kujua machache yanayoelekea kufeli ni kuokoa muda mwingi.

Facebook ilienda mbali zaidi. Mwaka 2018 ilieleza mfumo unaojifunza kutokana na mabadiliko ya zamani, kisha kuchagua majaribio ya kuendesha. Ilisema unanasa zaidi ya asilimia 99.9 ya mabadiliko mabovu kwa kuendesha theluthi moja tu ya majaribio yanayohusika na msimbo uliobadilishwa.

Lakini kuchagua si sawa na kupanga. Ukipanga, majaribio yote bado yataendeshwa. Ukichagua, mengine yanaachwa, na kuna hatari ndogo unayoikubali.

Majaribio yenye kigeugeu

Sasa kuna majaribio ambayo leo yanafeli na kesho yanapita, ilhali msimbo haujaguswa. Mwaka 2016 Google ilisema karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na tabia hiyo kwa kiasi fulani.

Ukipanga foleni kwa kuangalia yaliyofeli karibuni, vigeugeu hivi ndivyo vitakavyokaa mbele. Timu itapigiwa kengele za uongo kila siku, mwishowe itazizoea. Siku moto ukiwaka kweli, hakuna anayeinuka.

Mpangilio hauokoi kila kitu

Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama wa mtandao ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye hitilafu, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Liliondolewa baada ya dakika 78. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Ndege zilikwama, na hospitali katika nchi kadhaa zilivurugika.

Uchunguzi wa kampuni hiyo ulionyesha programu ilipewa taarifa 20 wakati sasisho lilitaka ya 21. Majaribio yalikuwepo, ila hakuna lililogusa hali hiyo. Jaribio ambalo halijaandikwa huwezi kulisogeza mbele.

Hata hivyo, moja ya hatua zilizochukuliwa baadaye ilihusu mpangilio: masasisho kama hayo yaende kwa kompyuta chache kwanza, yaangaliwe, ndipo yaende kwa wengine. Kama hitilafu imepenya majaribio yote, angalau iwakute wachache.

Hivyo basi, swali kwa benki au kampuni iliyotengeneza aplikesheni yako lisiishie kwenye "mlijaribu?" Waulizwe pia walianza na nini, na walipochoka kusubiri, waliacha nini.