Spika za Mamilioni, Kanda Zinazochakaa

Lipo katika nchi hii tabaka dogo la watu wazima, wengi wao wanaume wenye kazi na madeni, ambao hukutana mwisho wa juma kulinganisha vyombo vya muziki. Mimi ni mmoja wao na sioni haya kulitamka. Tunajua tofauti ya amplifaya ya valvu na ya transista, tunajua sindano ielemee santuri kwa gramu ngapi, na tunaweza kubishana hadi usiku wa manane juu ya waya wa spika. Tusichobishania ni kile tunachokisikiliza: kimetoka wapi, kiko mikononi mwa nani, kitadumu hadi lini. Ukimya huo ndio ninaoushambulia, kwa maana hauwahusu wapenzi wa muziki peke yao.

Mwenzangu katika ulevi huu ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkazi wa Same mjini. Yeye huniita Dokta, mimi humwita Mwalimu, na heshima hiyo haijawahi kupunguza makali ya mabishano. Sebuleni kwake chombo cha kwanza ni stabilaiza, kwa sababu umeme hupanda na kushuka ingawa bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo yake haviko mbali. Vumbi la tambarare nalo halina adabu. Santuri huoshwa kama vyombo vya mtoto mchanga.

Tulipolinganisha mara ya mwisho, nilipeleka amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1970. Yeye alikuwa na mtambo mpya ulionunuliwa kwa kiinua mgongo, ambao mkewe anaijua nusu ya bei yake. Tukachagua wimbo wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, uliorekodiwa Redio Tanzania. Mwalimu akatangaza ushindi: kwake gitaa la besi linasikika bayana. Ni kweli. Lakini kilichosikika bayana zaidi ni mvumo wa nakala iliyotolewa kwenye nakala, sauti ikiyumba pale mashine fulani ilipovuta kanda bila mwendo sawa, na ukungu mahali ambapo matoazi yalipaswa kumeta. Faili hilo lilitoka kwenye flashi aliyopewa na mtu aliyepewa na mtu. Mtambo wa mamilioni ulitusomea uharibifu huo kwa uaminifu mkubwa kuliko mtambo wangu wa bei nafuu.

“Kwa hiyo Dokta unataka tuuze vyombo?”

“Hapana, Mwalimu. Nataka tuulizie kanda.”

Wanafunzi wangu wengi hawaelewi kwa nini kanda hizo zina uzito. Tanganyika ilipata uhuru bila kiwanda cha kuchapa santuri; sahani za wanamuziki wetu zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, njia hiyo nayo ikasongwa. Kilichobaki kwa bendi nyingi kilikuwa studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyobeba jina hilo tangu 1965, ambako muziki ulinaswa kwenye kanda ili urushwe hewani. Santuri huchapwa kwa mamia. Kanda ya studio huwa moja. Humo zimo pia hotuba, michezo ya redio na sauti za kampeni kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wazima takribani milioni mbili waliketi kwa vikundi kuzunguka redio. Mrithi wa hazina hiyo leo ni TBC, yaani ni mimi na wewe mlipa kodi.

Kanda ya sumaku ni unga wa madini uliogandishwa kwa gundi juu ya utepe wa plastiki. Gundi hunyonya unyevu, na Dar es Salaam ina unyevu wa kutosha kuangamiza maktaba nzima. Utepe hunata, unga hubanduka, na kila uchezaji usio wa uangalifu huondoka na chembe za wimbo. Mashine za kuzichezea zimezeeka, mafundi wake wanastaafu. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walianzisha mradi wa tahadhari juu ya kanda hizi, na mwaka uliotajwa kuwa ukomo wa usalama wake ni 2025.

Nitaambiwa tuna zahanati za kujenga. Guinea nayo ina zahanati za kujenga. Ni nchi iliyokuwa na itikadi ya kijamaa na bendi za dola kama sisi, na kanda za redio yake, nyimbo zaidi ya 9,000, zilinakiliwa kidijitali kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Hawakungoja wawe matajiri. Wengine wataniambia kila kitu kiko YouTube. Kilichoko huko ni ile flashi ya Mwalimu: hakina mwaka, hakina majina ya wapigaji, na kesho kinaweza kufutwa.

Hapa Upare tungepaswa kuwa wa mwisho kudharau sauti. Profesa Isaria Kimambo alijenga historia ya kisiasa ya Wapare, kitabu kilichotoka 1969, juu ya masimulizi ya wazee. Maelfu ya watu waliokusanyika Same mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru wameshatutoka karibu wote. Simulizi zao, kama mtu alizinasa, ziko kwenye kaseti ndani ya makabati ya Gonja, Mbaga na Usangi, pamoja na kwaya za Kilutheri na za Kisabato ambazo hakuna aliyezichapa.

Madai yangu ni mepesi kuandikwa kwenye waraka wa serikali. Orodha ya kanda za taifa iwekwe wazi, kanda kwa kanda, pamoja na hali ya kila moja. Kunakili kufanyike kwa kiwango cha hifadhi, si cha kurushia matangazo. Majina ya wanamuziki na warithi wao yaandikwe kabla nakala haijatoka nje, ili Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipate wa kumlinda. Na sisi wenye deki nzima, masikio makali na ubishi mwingi, tulete deki zetu. Ya Mwalimu imeshasafishwa vichwa. Mwenye kaseti ya babu yake aje nayo Same, akiwa na jina la msemaji na mahali iliponaswa.