Matumbawe si maua ya plastiki

Wiki hii bwenini kuna mjadala mkali. Mshkaji mmoja kaona picha za tangi la maji ya chumvi, ndani matumbawe ya matawi, ya bluu na zambarau, basi kaanza mipango: bumu likitoka ananunua tangi la kioo, anakwenda baharini kuvunja tawi, kazi kwisha. Wengi wamemuunga mkono. Mimi napinga.

Kwanza tumbawe ni mnyama. Tena si mmoja, ni kundi la wanyama wadogo wadogo waitwao polipu, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao wanaishi mwani wasioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Joto la maji likipanda nyuzi 1 tu juu ya kile kiwango cha juu walichozoea, likakaa hivyo wiki kadhaa, mwani hao hutimuliwa na tumbawe linabaki jeupe pee. Hali ikiendelea, linakufa.

Sasa hebu tupige hesabu ya tangi. Matumbawe ya matawi jamii ya Acropora yanataka joto la nyuzi 25 hivi, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, taa kali, na pampu za kusukuma maji mchana na usiku. Kwa kuwa yanajenga mifupa kila siku, yanainyonya hiyo kalsiamu, kwa hiyo lazima upime na kurudishia. Na adui mkubwa ni kuyumbayumba: leo juu, kesho chini, kwisha habari. Tangi jipya nalo linahitaji miezi ya kutulia kwanza. Halafu umeme ukatike usiku kucha, pampu zisimame... asubuhi unaamshwa na harufu!

Kuna aliyeniambia, mbona watu wanavunja matumbawe kuchoma chokaa, tawi moja lina shida gani? Jamani! Tangu lini kosa la jirani likawa ruhusa? Miamba yetu imeshapigwa vya kutosha: baruti za wavuvi, joto la 1998 lililoua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, na kupauka kwa dunia nzima kulikothibitishwa 2024. Changu tunaowala kwa mama ntilie wanatoka kwenye miamba hiyo hiyo.

Sisemi watu wasifuge. Wafugaji makini hukata kijitawi cha sentimita chache kwenye tumbawe lililokulia tangini, wanakigundisha kwenye jiwe, kinakua, wanapeana. Bahari haiguswi. Mbinu hiyo hiyo inatumika kupanda upya miamba iliyoharibika, mfano kule Wasini, pwani ya kusini ya Kenya.

Na sisi tunaosomea ualimu tusijidanganye kwamba tangi ndiyo njia pekee ya kumfundisha mtoto. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kimehifadhiwa tangu 1994 na wanafunzi wa shule hupelekwa kuyaona matumbawe yakiwa hai, mahali pake. Bahari inawasha taa yake na kuendesha pampu zake bila kudai luku. Tuiache ifanye kazi.

Huo ndio msimamo wangu. Anayebisha aje na hoja, chai juu yangu.