Nafuu ya ushuru yavuta maduka mitaa ya walalahoi Marekani, lakini kuyadumisha ni kibarua

RAIS Donald Trump wa Marekani alipotia saini sheria kubwa ya ushuru na matumizi mnamo Julai 4, 2025, macho ya wengi yalielekezwa kwa mabwanyenye waliopunguziwa mzigo na maskini waliopunguziwa misaada. Kipengele kimoja kilipita bila makeke. Kiliufanya mpango wa New Markets Tax Credit kuwa wa kudumu, baada ya robo karne ya kuongezewa muda kila ulipokaribia kufikia kikomo.

Mpango huo uliasisiwa mwishoni mwa utawala wa Bill Clinton. Mnamo Julai 1999, Clinton alizuru maeneo yaliyosahaulika wakati uchumi wa nchi yake ukinawiri: milima ya Kentucky, bonde la Mississippi, hifadhi ya Wahindi Wekundu ya Pine Ridge na mtaa wa Watts jijini Los Angeles. Wabunge wa Republican waliafikiana naye, na mnamo Desemba 21, 2000 akatia saini sheria hiyo.

Hoja ilikuwa nyepesi. Mitaa ya watu wa mapato ya chini ina wanunuzi, ila haina maduka. Supamaketi zilihamia viungani mwa miji zikiwafuata Wazungu wa tabaka la kati, hasa baada ya ghasia za miaka ya 1960, na benki zilikuwa zimezoea kuinyima mitaa ya Weusi mikopo. Mtaalamu wa biashara Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika mwaka 1995 kwamba ingawa kila familia huko ina kipato kidogo, msongamano wa watu hufanya fedha zinazozunguka katika eneo dogo kuwa nyingi kuliko wawekezaji wanavyodhani.

Msomaji wa Nairobi huenda akashangaa mtaa wa maskini unawezaje kukosa pa kununua mboga, ilhali Kibera na Mathare kuna mama mboga kila kona. Katika miji mingi ya Marekani, kanuni za ujenzi, leseni na afya hazimruhusu mchuuzi kutandaza sukumawiki kando ya barabara. Supamaketi ikifunga milango, kinachobaki ni kioski cha kituo cha petroli, chenye soda na vibanzi vya pakiti.

Utaratibu wenyewe ni tata. Serikali haitoi pesa taslimu. Hazina maalumu iliyo chini ya Wizara ya Fedha hugawia mashirika ya maendeleo ya jamii idhini ya kutafuta wawekezaji. Benki ikiweka, kwa mfano, dola milioni 10 kupitia shirika kama hilo, hukatiwa dola 500,000 kutoka kwa ushuru wake kila mwaka kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha dola 600,000 kwa miaka minne inayofuata. Jumla ni dola milioni 3.9, yaani asilimia 39. Makato hayo hufanywa kwenye ushuru wenyewe, wala si kwenye mapato yanayotozwa ushuru.

Fedha hizo sharti ziende katika eneo ambalo umaskini umefikia asilimia 20 ya wakazi, au ambalo kipato cha kati cha familia hakizidi asilimia 80 ya kile cha eneo pana linalolizunguka. Viwanja vya gofu, kasino na maduka ya pombe yamepigwa marufuku. Tangu 2020, kiwango cha uwekezaji unaostahili nafuu hiyo ni dola bilioni 5 kwa mwaka. Kwa hivyo kila awamu humgharimu mlipa ushuru karibu dola bilioni 2 katika muda wa miaka saba.

Hapa ndipo penye utata. Kabla ya fedha kumfikia mwenye duka, mawakili, wahasibu na mashirika ya kati huwa wamechukua chao. Benki nayo hainunui nafuu hiyo kwa thamani yake kamili. Mnamo 2010, wakaguzi wa Bunge la Congress walishauri wabunge wafikirie kutoa ruzuku ya moja kwa moja badala yake. Ushauri huo haukufuatwa. Ruzuku hupigiwa kura mwaka baada ya mwaka mbele ya umma, na wanasiasa wanajua kwamba nafuu ya ushuru haionekani kama matumizi.

Je, duka likishajengwa, hudumu? Kisa cha Englewood, mtaa wa Weusi kusini mwa Chicago, kinatoa funzo kuhusu ruzuku za aina hii kwa jumla. Jiji lilitumia dola milioni 10.7 za fedha za ushuru kufanikisha ujenzi wa kituo cha biashara ambamo kampuni ya Whole Foods ilifungua duka Septemba 2016 kwa shamrashamra. Novemba 2022, duka likafungwa. Duka jingine, Save A Lot, halikufunguliwa humo hadi 2024, na baadhi ya wakazi walililalamikia wakisema hawakushauriwa.

Masharti ya miaka saba ya mpango wa kitaifa nayo huibana fedha isitoke katika maeneo yanayolengwa. Hayamlazimishi muuzaji kubaki. Kwa mkazi anayesubiri basi akiwa na mifuko ya chakula, tofauti hiyo ya kisheria haina maana yoyote.

Ahadi za afya nazo zilitiwa chumvi. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu supamaketi mpya jijini Philadelphia ulibaini kuwa wakazi walitambua kwamba chakula bora kimekaribia, ila hawakula matunda na mboga zaidi wala uzani wao haukubadilika. Tatizo la mfuko haliondolewi na rafu mpya.

Hata hivyo, kuupuuza mpango huu kabisa ni kukosea. Kusini-mashariki mwa San Diego, kiwanda kilichotelekezwa kiligeuzwa kuwa kituo cha Market Creek Plaza, kwa sehemu kutokana na nafuu hiyo. Supamaketi ya Food 4 Less ilifunguliwa humo 2001. Kilichokitofautisha kituo hicho ni hatua ya 2006, wakazi zaidi ya 400 waliponunua hisa na kuwa wamiliki wa sehemu yake.

Sheria ya 2025 haikugusa suala hilo la umiliki. Shirika linaloomba mgao hutakiwa kuonyesha kwamba linawajibika kwa wakazi, kwa kawaida kupitia viti katika bodi yake, lakini hakuna kinacholilazimisha kuwauzia hata hisa moja ya duka litakalojengwa mtaani mwao.