Dhamana ya Mali ya Aliyepotea



Mwenzetu akifa, njia yajulikana: cheti cha kifo, barua ya chifu, kisha korti. Lakini akipotea, hapana maiti wala cheti. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, na tangu siku hiyo hapana mtu wa Likoni asiyejua kwamba maji hayatoi hati.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu 118A, yasema mtu asiyesikika kwa miaka 7, na wale ambao wangepata habari zake lau yu hai, huhesabiwa amekufa mpaka ithibitike vingine. Ndipo mkewe huweza kuomba usimamizi wa mali. Na hapo huingia dhamana: kanuni za mwaka 1980 zampa hakimu uwezo wa kutaka wadhamini, watakaolipa msimamizi akiiharibu mali.

Hatusemi dhamana iondolewe. Sote twawajua maami wafikao matangani na kuulizia kitabu cha benki kabla ya kukaa. Watoto walindwe, na aliyepotea pia, maana huenda akarudi akataka chake.

Tunalolalamikia ni hili. Mdhamini huulizwa ana mali gani. Mfanyi kazi wa Changamwe au Kisauni mara nyingi ana nyumba lakini kiwanja si chake. Hulipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe, hati hana. Na wenziwe vivyo hivyo. Basi mama huyu atampata wapi mdhamini? Akimkosa, akiba hulala, na ami asiye na barua yoyote hukusanya kodi za vyumba. (Na ajue: kugusa mali ya marehemu bila idhini, kwa kifungu 45 cha Sheria ya Urithi, ni faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.)

Kanuni yampa hakimu hiari, haimlazimishi. Twaomba hiari hiyo itumike. Mali ikiwa vyumba vitatu na akiba ya ushirika, watosheke na wasimamizi wawili wanaochungana, pamoja na orodha ya mali ambayo sheria yaitaka ndani ya miezi 6. Wadhamini wenye hati waachiwe matajiri.

Nanyi wanachama, aliyepotelewa na mtu wake asikae kungoja. Apige ripoti polisi mapema, aiweke namba ya O.B. mahali pa salama, kwani siku ya korti atatakiwa kuthibitisha tangu lini hajasikika.