Maofisa wa Uingereza walijaa Bungeni



Liko jambo linalosemwa mara kwa mara, vilabuni, katika mabaraza na hata katika vyumba vya walimu. Wako ndugu zetu ambao kila yanapotajwa mapinduzi ya kijeshi katika Afrika hudai kuwa huo ni ugonjwa wetu sisi tu, na kwamba Mwingereza alikwisha kutenga jeshi na siasa tangu enzi za mababu zake. Kule, husema, mwanajeshi ni mwanajeshi na mwanasiasa ni mwanasiasa. Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya msingi, na naona si haki tuwaachie watoto wetu maneno hayo bila kuyapima.

Ukweli ni kwamba katika karne ya 19 Bunge la Uingereza lilijaa maofisa wa jeshi la nchi kavu na la majini, na wengi wao walikuwa bado na vyeo vyao. Haikuwapo haja ya kuipindua serikali. Mtu hapindui nyumba yake mwenyewe.

Hapana budi kwanza tueleze jinsi ofisa alivyopatikana. Katika vikosi vya miguu na vya farasi vyeo vilinunuliwa kwa fedha taslimu, na bei yake ilipangwa na serikali. Cheo cha chini kabisa cha ofisa wa miguu kilikuwa pauni 450. Luteni kanali wa miguu alilipa pauni 4,500, na yule wa farasi pauni 6,175. Hiyo ndiyo bei halali. Chini kwa chini watu walitoa zaidi. Askari wa kawaida alilipwa shilingi moja kwa siku, kabla ya kukatwa hiki na kile. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo ubaoni. Pauni moja ni shilingi 20, kwa hiyo askari yule angehitaji siku 90,000 bila kula wala kuvaa ili anunue cheo cha luteni kanali wa miguu. Ni zaidi ya miaka 246.

Na viti vya Bunge navyo, kabla ya sheria ya mwaka 1832, vingi vilikuwa mali ya wenye ardhi. Palikuwa na mahali panaitwa Old Sarum, kilima kisicho na mji, pakiwa na wapiga kura wa kuhesabika, na palipeleka wabunge wawili. Mji mkubwa wa Manchester haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Basi mfuko ule ule wa kabaila ulimnunulia mwanawe kikosi na kumpatia kiti.

Mfano mkubwa ni Arthur Wellesley, ambaye baadaye aliitwa Duke wa Wellington. Mwaka 1790, akiwa luteni kijana wa miaka kama 21, aliingia Bunge la Ireland kwa kiti cha Trim, kiti ambacho jamaa zake walikuwa wamezoea kukikalia. Mwaka 1793, kwa msaada wa fedha za kaka yake, alikuwa tayari luteni kanali. Mwaka 1807 alipewa uwaziri wa mambo ya Ireland, na akiwa na cheo hicho hicho akaenda kupigana Denmark, kisha Ureno mwaka 1808. Waziri mwenye bunduki! Kama jambo hilo lingetokea katika nchi yetu moja ya Afrika, magazeti ya London yangelisema nini?

Sikatai kuwa vita alivijua. Alimshinda Napoleon huko Waterloo tarehe 18 Juni 1815, na heshima hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye uwaziri mkuu Januari 1828. Wakati huo alikuwa pia Jemadari Mkuu wa majeshi, na wenzake katika serikali ndio waliomshikilia auache ujemadari, naye akauacha kwa shingo upande. Mwaka 1829 alifanya jambo jema, aliwafungulia Wakatoliki mlango wa Bunge dhidi ya matakwa ya chama chake mwenyewe. Lord mmoja alipomtukana kwa ajili hiyo, Waziri Mkuu huyu alitoka asubuhi akapigane naye kwa bastola katika uwanja wa Battersea. Hakuna aliyeumia, lakini hiyo ndiyo siasa ya mtu wa kambini.

Tabia hiyo ilimponza. Novemba 1830, watu walipodai kura, alisimama katika Baraza la Malodi akasema mpango wa Bunge uliokuwapo unatosha na hauhitaji kurekebishwa. Katika muda wa wiki mbili serikali yake ilianguka. Mwaka 1831 wananchi waliyavunja kwa mawe madirisha ya nyumba yake London, akaweka vizuizi vya chuma. Hata hivyo mwaka 1834 alirudi kwa wiki chache, akashika uwaziri mkuu na wizara nyingine kadhaa peke yake, huku akimngoja Peel arudi kutoka Italia.

Gharama ya mambo hayo aliilipa askari mdogo. Lord Cardigan aliingia Bungeni mwaka 1818, kabla hata hajawa mwanajeshi. Aliingia jeshini mwaka 1824, na kufikia mwaka 1832 alikuwa amenunua uongozi wa kikosi cha farasi. Mwaka 1834 aliondolewa kwa jinsi alivyowatesa maofisa wake, lakini mwaka 1836 akapewa kikosi kingine! Mkuu wake katika vita vya Krimea alikuwa shemeji yake, Lord Lucan, naye aliwahi kuwa mbunge, na watu hao wawili hawakuwa wakipatana. Jenerali Mkuu, Lord Raglan, alikuwa mbunge zamani na karani wa Wellington, naye hakuwahi kuongoza hata batalioni vitani. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaklava, amri iliyotolewa ovyo na kueleweka ovyo iliwapeleka wapanda farasi wapatao 670 mbele ya mizinga ya Warusi. Zaidi ya 100 waliuawa. Cardigan alirudi mzima, akaenda kulala katika jahazi lake la anasa lililotia nanga bandarini.

Ieleweke kwamba hawakuwa wote namna hiyo. Jenerali De Lacy Evans, mbunge wa Westminster, alipigana Krimea na aliporudi akadai Bungeni kuuza vyeo kukome. Naye Perronet Thompson, akiwa gavana wa Sierra Leone mwaka 1808, aliona Waafrika waliookolewa katika meli za watumwa wakigawiwa kwa mabwana kwa jina la uanagenzi. Akasema wazi kuwa huo ni utumwa, na London ikamwita arudi. Mtu huyu ana habari na upande wetu pia: mwaka 1820, akiwa Ghuba, aliongoza askari pamoja na Sayyid Said wa Muscat katika vita vya Bani Bu Ali, wakashindwa vibaya na Sayyid akajeruhiwa. Thompson alikaripiwa na mahakama ya kijeshi. Mwaka 1835 akawa mbunge wa Hull, mtetezi wa mkate wa bei nafuu kwa wafanyakazi.

Kuuza vyeo kulikoma mwaka 1871 tu. Na ni nani walioizuia sheria hiyo kwa wiki nyingi za maneno matupu? Ni makanali waliokuwa wabunge, na baada yao Malodi, mpaka Gladstone akaamua kutumia hati ya Malkia. Wenye vyeo walilipwa fidia na serikali. Ama habari ya kumzuia ofisa aliye kazini asiwe mbunge, sheria inayosema hivyo waziwazi ni ya mwaka 1957, ikarudiwa mwaka 1975. Mwaka 1957 sisi tulikuwa tayari na TANU.

Ningewaomba wanaotunga vitabu vya shule za msingi waiweke habari hii mahali pake, pamoja na ile hesabu ya siku 90,000. Watoto huipenda, na huuliza maswali mengi kuliko wakisimuliwa habari za Waterloo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbozi.