Mtunzi Aliye Ughaibuni Naye Ni Wetu

Kwetu Kasikeu, Makueni, ukisema fulani ni mtunzi, utaulizwa: wa kwaya au wa ngoma? Hakuna atakayedhani kwamba mtu huyo huketi akaandika noti za fidla zije zipigwe na wageni huko San Francisco. Wanafunzi wa Kiswahili nao hawadhani. Neno hilo tumelifungia katika ushairi, riwaya na tamthilia, ilhali lugha yenyewe haikulifungia humo.

Mtazame Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951. Alisomea Belfast, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na baadaye akafundisha Makerere. Alitunga kazi ya ala nne za nyuzi akaiita Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Kundi la Kronos liliirekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa, iliyotoka mwaka 1992. Mle, fidla zinafumana kama mikono ya wapiga amadinda, ile marimba ya Buganda: huyu hutia sauti penye pengo la mwenzake. Na anwani ikabaki ya Kiganda, hata kwenye albamu iliyouzwa Marekani. Je, ni waandishi wetu wangapi wa Kiswahili wenye ujasiri huo?

Yupo pia Nyokabi Kariũki, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1998 na kusomea New York. Katika peace places: kenyan memories ya mwaka 2022, anachanganya ala, sauti alizozinasa nyumbani, na lugha za Kenya, Kiswahili kikiwamo. Hapo Kiswahili chenyewe kimegeuka ala. Mwanafunzi wa fonolojia anayehangaika na kiimbo na mkazo angepata humo data tele, lakini nani amemwelekeza?

Wapo watakaodai kuwa muziki huu ni wa Wazungu na kwamba watunzi hawa wameupa umma kisogo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba Kasikeu hausikiki. Hata hivyo, fidla imo katika taarabu ya Unguja, ambako Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na sijamsikia mhadhiri akisema taarabu si yetu. Wengine watalalamika kuwa msamiati hatuna. La hasha! Wanataarabu wana fidla, wana kanuni, wana mahadhi. Tena wana bashrafu, utungo usio na maneno hata moja. Tumehangaika kuunda istilahi za kompyuta, na hizi zilizokwisha kuundwa tumeziacha zikae Unguja.

Kuna kijana Kasikeu anayesikia midundo ya kilumi na kuweza kuiandika kwa noti. Akitaka kujua Tamusuza alifanyaje na marimba za kwao, atalazimika kusoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo napendekeza toleo lijalo la jarida hili lichapishe uhakiki wa kazi hiyo ya Tamusuza, kwa Kiswahili na kwa istilahi za wanataarabu. Wahadhiri wa fasihi wasijitenge, na wanafunzi wanaopiga ala waitwe mapema, maana uhakiki huo hautaandikika bila masikio yao.