Wete isiishie kunukia karafuu tu

MGENI anayefika Wete msimu wa karafuu huujua mji kwa pua kabla ya macho. Majamvi yametandazwa mbele ya nyumba, karafuu zinakauka juani na harufu yake inamfuata hadi bandarini. Tatizo ni kwamba akishanusa hana cha kununua. Anapanda gari kurudi Chake Chake na fedha zake zikiwa mfukoni.

Wakati huohuo, kule Unguja watalii hupelekwa Kizimbani na Kindichi kuoneshwa mkarafuu, na wanalipia. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Imekuwa hivyo tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, huku ile ya Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini kwa Wete msemo huu haujatimia.

Jambo hili si la anasa. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana, mkulima analipa madeni, anaezeka nyumba, na mwenye duka mjini anauza. Ukizaa kidogo, daftari la mikopo la muuza duka linajaa na rafu zinabaki na bidhaa zake. Mji unaotegemea zao moja unahitaji kipato cha pili kwa ajili ya miaka hiyo.

Mfano mzuri unapatikana mbali, katika mji wa Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1779 ulifunguliwa pale ukumbi mkubwa wa biashara uitwao Piece Hall, wenye vyumba zaidi ya 300 kuzunguka uwanja mmoja. Wafumaji wadogo walishuka kutoka vijiji vya milimani wakiwa na majora ya vitambaa vya sufu waliyofuma nyumbani, wakauza wenyewe kwa wafanyabiashara. Baadaye viwanda vya mashine viliua kazi ya mikono, na ukumbi ukageuzwa soko la mboga na matunda. Viwanda navyo havikudumu. Kile kikubwa cha mazulia cha Dean Clough kilifungwa mwaka 1983.

Halifax haikuyabomoa majengo hayo. Dean Clough iligeuzwa kuwa ofisi na sehemu za sanaa, na Piece Hall ilifunguliwa upya mwaka 2017 baada ya ukarabati. Leo vyumba vile ni maduka na migahawa, na watu wanasafiri kwenda kuona mahali ambapo mfumaji aliuza jora lake. Somo lake ni kwamba historia ya kazi nayo ni bidhaa, mradi iwekewe mlango, bei na mtu wa kuieleza.

Wete ina bahati kuliko Halifax kwa sababu zao lake bado liko hai. Ina bandari ya majahazi inayotazama kisiwa cha Fundo. Ina maghala ya karafuu, na majumba ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ng'ambo ya hori iko Mtambwe Mkuu, mji wa kale ambako mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zenye umri wa karibu miaka 1,000. Pembezoni mwa mji yapo mashamba, mengine yakiwa ya zile eka tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi.

Wapo watakaosema wageni wa Pemba ni wachache. Ni kweli, lakini mgeni hakai mahali pasipo na cha kufanya. Wengine watauliza kuhusu sheria, na hapo wana hoja. Kwa miaka mingi mkulima ametakiwa kuuza karafuu zake kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) pekee, na mwenye kukutwa na magunia nje ya utaratibu huo huhesabiwa mlanguzi. Mfanyabiashara mdogo hawezi kufungasha karafuu za kumuuzia mgeni huku akiwa na hofu ya kukamatwa.

Dawa yake ni utaratibu ulio wazi. ZSTC iwauzie wafanyabiashara wadogo wa Wete karafuu za daraja la kwanza kwa ajili ya vifurushi vidogo, pamoja na mafuta ya makonyo kutoka kiwanda chake cha Wawi, kwa risiti. Hivyo karafuu hazitapita njia za panya, na duka litapata bidhaa.

Baraza la Mji wa Wete nalo litenge ghala moja la zamani liwe mahali pa kuonesha kazi ya karafuu tangu kuchuma, kuchambua na kuanika hadi kupima. Vijana wafundishwe kuongoza wageni kutoka bandarini hadi shambani. Ada igawanywe kwa kiwango kinachojulikana, na mwenye shamba apate fungu lake siku hiyohiyo. Akikosa, ataona wageni wanamkanyagia miche tu.

Halifax ilisubiri hadi kazi yenyewe ikafa ndipo ikaanza kuuza kumbukumbu. Wete haina sababu ya kusubiri hivyo. Mikarafuu bado inachanua, na wanaojua kuipanda na kuichuma wapo.